Vijiti Visivyo na Mwenyewe

Ni asubuhi mjini Obama, Japani, na Shizuyo Kadono anasugua kijiti cha kulia chakula kwa msasa wa maji. Utomvu mweusi uliopakwa juu yake unalika taratibu. Chini yake chembe za kombe la baharini zinaanza kung'aa. Anakiinua dirishani, anakikunjia uso.

"Bado," anasema. "Hiki hakina haraka, nami sina."

Haraka ipo. Jumamosi wageni wa China na Korea wanakuja kula na wenyeji, kama kila masika, na halmashauri imesema wazi: mambo yakiharibika tena, karamu ndiyo basi. Shizuyo, mwenye miaka sitini na mitatu, ameitengenezea vijiti tangu ianze. Hataki ifie mikononi mwake.

Mwaka juzi aliombwa kijiti kimoja cha mataifa yote matatu: kirefu kwa Mchina, bapa kwa Mkorea, chenye ncha kwa Mjapani. Mshika mbili moja humponyoka. Yeye alishika tatu.

"Mkorea mmoja akaniuliza, 'Dada, hiki cha kulia au cha kusukia nywele?'" anacheka.

Mwaka jana kila mtu akaja na vyake. Karamu ilinoga mpaka Bibi Luo, mgeni kutoka China, alipomwinulia Mzee Imaoka, mwenyeji wa hapa, kipande kinono cha samaki kwa vijiti vyake. Kwao huo ni upendo. Mzee, kwa adabu ya haraka, akakipokea kwa vijiti vyake.

Wenyeji wakaweka vijiti chini. Hapa, watu hupokezana hivyo, vijiti kwa vijiti, wakati tu ndugu wanapookota mifupa ya marehemu aliyechomwa moto. Na Imaoka alikuwa amemzika mkewe majira ya baridi yaliyokuwa yametoka kupita.

"Jamani, nimemkosea nini? Si samaki tu?" Bibi Luo aliuliza huku akilia. Mzee hakula tena. Mimi ninayesimulia haya nilikuwepo, na niliona uchungu.

"Nilihangaika bure na kijiti cha kulia," anasema Shizuyo. "Kumbe sisi sote tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuona sahani ya jirani tupu tukatulia."

Basi safari hii anatengeneza jozi ndefu, moja kwa kila meza, ya kulala katikati. Haiingii kinywani mwa mtu.

"Ukitaka kula, una vyako. Ukitaka kumlisha mwenzio, shika hivi, umwekee sahanini."

Anatumaini kuwakalisha wale wawili pamoja, ingawa aliogopa kumwomba mzee. Jana Imaoka alipita mwenyewe karakanani, akaishika jozi iliyokamilika, akaijaribu kwa punje ya soya.

"Niweke karibu na Bibi Luo," alimwambia. "Na umwambie anichagulie kinono kama kile. Mwaka jana sikukimaliza."