Sanamu Iliyompa Mgeni Rasmi Mgongo

Usiku kucha nilijiuliza: kwa nini Rehema? Tuliajiriwa makumbusho siku moja, lakini mkurugenzi alimpa yeye kazi ya kusimamisha sanamu kubwa ya mama pale mjini.

Asubuhi nilitoka Kimara mapema, ili nikamtafutie kosa. Sanamu ilishafunikwa kitambaa, na tumbo lake lilielekea ukutani! Rehema hajafika; nikawaambia mafundi wa winchi, "Igeuzeni," ili sifa ziwe zangu.

Mgeni rasmi alipovuta kitambaa, nililodhani ni tumbo lilikuwa mtoto aliyebebwa mgongoni.

"Mama katununia?" mgeni akauliza. Watu wakacheka.

Mkurugenzi akamkazia macho Rehema. "Ndiyo kazi gani hii?"

Rehema alianza kulia. Nilichokitamani nimekipata, lakini sikukitaka tena. Nikanyoosha mkono.

"Mzee, nimeigeuza mimi."