Mkono wa Msusi

Nilimmaliza msusi wangu kwa picha moja ya simu, nikiwa nimekaa ofisini Mtumba na njaa inanisokota. Sikumwibia wala sikumpiga. Nilipiga picha nywele zangu zilizonyonyoka, nikaituma kwenye kundi la akina mama wa ofisini, na chini yake nikaandika maneno manne: "Mkono wake unakata nywele."

Mwanamke anayesukwa hahitaji kuelezwa zaidi. Tunaamini kuna mkono wa kuotesha na mkono wa kukata, na msusi akishasemwa kuwa wake ni huo wa pili, heri angeitwa mlevi. Mlevi watu watampelekea kichwa, ilimradi asuke vizuri.

Alikuwa Mrangi wa Kondoa, mama wa mtoto mmoja wa kike, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja cha kupanga pale mtaa wa Kikuyu. Mtoto akitoka shule alikaa kwenye benchi akifanya kazi zake za daftari, na wateja wakipungua mama yake alimsuka. Chumba, ada na chakula cha wote wawili vilitoka kwenye vidole vile kumi. Nililijua hilo vizuri sana.

Tena sifa zake nilizianzisha mimi. Kwa miaka mitatu nywele zangu ziliota hadi zikagusa mabega, nikatangaza ofisi nzima kwamba yule dada ana mkono wa baraka. Wakamiminika. Miaka hiyo nilikuwa nakula kama mtu: ugali wa uwele, maharage, mlenda uliotiwa karanga, maziwa mgando. Ila nani alishawahi kusifia maharage kwa sababu ya nywele?

Halafu likanijia la kupunguza mwili. Asubuhi chai ya rangi, mchana tango, jioni maji ya moto na ndimu. Nguo zikanilegea, wenzangu wakanipongeza, nikavimba kichwa. Mwezi wa tatu wa kujinyima nikaanza kuokota nywele kwenye mto. Badala ya kula, nikanunua vidonge. Makopo matatu, kila moja na picha ya mwanamke mwenye nywele za kufika kiunoni. Kopo liliandikwa kidonge kimoja kwa siku, mimi nikameza viwili viwili, vya makopo yote matatu, juu ya tumbo tupu. Mfa maji haachi kutapatapa, lakini haya maji nilijimwagia mwenyewe.

Jumamosi moja nikaenda kusukwa. Alipopitisha kitana mara ya kwanza, mkono wake ukasimama.

"Dada yangu," aliniuliza taratibu, "unakula lakini?"

"Unanionaje? Kwetu hamna chakula?"

"Sina maana mbaya. Nywele zenyewe hazina nguvu, na kope zako ndani zimekuwa nyeupe. Kama ni vile vidonge, viache kwanza. Kula mboga, kula dagaa. Leo nisikusuke, nitakuumiza."

Niliwaka. Mimi mwenye shahada, na makopo matatu ya vitamini, nafundishwa kula na mtu anayekaa kwenye kigoda! Nikamwamuru asuke, tena akaze. Akasuka akiwa amelegeza vidole, kama anashika yai. Mwisho akafanya alichomfanyia kila mteja: akaokota nywele zote zilizoanguka, akazifunga kwenye karatasi, akanikabidhi nikazitupe mwenyewe, ili kesho nisije nikasema zimechukuliwa na mtu mbaya. Ndivyo wasusi waaminifu wanavyofanya. Kifurushi kilijaa kiganja changu.

Hicho ndicho nilichokipiga picha.

Lisemwalo lipo, wakaandika wenzangu. Kila mmoja akakumbuka nywele zake. Aliyejiunguza kwa dawa ya nywele nyumbani kwake akasema ni yule dada. Aliyetoka kujifungua akasema ni yule dada. Niliona kabisa kwamba wanadanganya, na nilifurahi, maana uongo wao uliufanya wangu uonekane ukweli. Kabla ya msimu wa mvua saluni ilikuwa imefungwa. Nilipita hapo, nikaona benchi limegeuzwa miguu juu nje ya mlango. Nikajisemea, atajifunza adabu.

Wiki chache baadaye nilianguka kwenye ngazi za ofisi. Daktari hakuniangalia nywele, aliniangalia kope na kucha, akaniuliza swali lile lile: unakula? Nikamtolea makopo. Akasoma maandishi ya pembeni, la kwanza, la pili, la tatu.

"Yote matatu yana vitamini A," alisema. "Ikizidi, yenyewe inaangusha nywele. Na damu yako imeshuka, mama. Mwili ukinyimwa chakula unaulinda moyo kwanza, nywele baadaye. Hizi zilianza kufa tangu ulipoanza kujinyima. Nenda ukale."

Nikala. Maharage, mayai, dagaa, mlenda. Nywele zikarudi polepole, nyeusi na nzito. Ofisini wakaniuliza siri, nikawaambia kwa macho makavu: nimebadilisha msusi.

Mwaka jana nilikwenda Kizota kuchomelesha geti. Nje ya karakana alikaa mwanamke anauza karanga na mlenda mkavu kwenye sinia. Nilimtambua kabla hajainua uso. Binti yake alikuwa pembeni, amekuwa mkubwa, amesukwa twende kilioni iliyopinda kama njia ya mbuzi.

"Nywele zako zimerudi, dada," alisema, na alifurahi kweli. "Alhamdulillahi. Umepata mkono mzuri."

Nikamuuliza, ili tu niseme kitu, kwa nini mtoto amesukwa vibaya hivyo na mama yake ni fundi.

"Anasukwa na jirani. Mimi simgusi kichwa, dada. Niliyokufanyia wewe, na wale wengine, niliona mwenyewe. Sitaki kumharibia mwanangu."

Maneno nilikuwa nayo mdomoni. Ilikuwa njaa yangu na vidonge vyangu, wewe uliniambia ukweli. Sentensi moja tu. Lakini angeuliza nimejua lini.

"Nipimie karanga," nikasema.

Akapima, akatia konzi mbili za nyongeza. "Kula, dada. Usiache tena kula."

Msuko mmoja wa mtoto ulikuwa umefumuka, unamning'inia sikioni. Aliinama kwa mama yake afungiwe, kwa mazoea ya zamani. Mama akairudisha mikono yake chini ya khanga, akaniangalia.

"Naomba unisaidie kumfungia, dada. Wewe mkono wako hauna neno."

Nikaweka karanga chini, nikamfungia.