Salama ya Salamu

Harufu ya tumbaku inayokaushwa kwenye bani, banda lake la moto, hunirudisha Usinge, msimu nilipokuwa na miaka kumi na mama akaanza kwenda chooni huku akijishikilia ukutani. Hospitalini, mjini Tabora, waliona vidonda kwenye utumbo wake mpana, ugonjwa usioisha ila hutulizwa kwa dawa. Kwa kuwa safari ilikuwa ndefu, muuguzi angempigia simu kila Alhamisi na kuandika hali yake.

Nilikuwa mtoto wa kuwaza kila jambo mara tatu. Alhamisi ya kwanza nilikaa karibu, nikasikia kila kitu.

"Shikamoo mama, tumbo linaendeleaje?"

"Marahaba mwanangu. Salama tu, tunamshukuru Mungu."

Muuguzi akaandika salama. Alhamisi tatu mama alijibu hivyo, na kila alipokata simu alikimbilia chooni. Hakuwa anadanganya. Kwetu mtu akikujulia hali unaanza na salama, hata kama umeshikwa na homa. Mabaya yanafuata baadaye, taratibu. Simu ilikuwa inakatwa kabla mabaya hayajafika. Nikaanza kuweka punje ya mahindi kwenye kikombe kila mama alipotoka chooni, nikihofia kukosea hesabu, nikihofia zaidi kupatia.

Alhamisi ya nne, mama alipotamka salama, nikaisogelea simu. "Dada, hiyo ni salama ya salamu. Ya tumbo ni mara tisa tangu jana, na damu ipo."

"We mtoto, unanivua nguo mbele za watu," mama alininong'oneza.

Muuguzi akadakia. "Mama, mwache aseme. Kesho pandeni basi mje."

Njia nzima niliwaza kwamba nimemponza. Daktari akasema tungechelewa kidogo tu, angehitaji kupasuliwa. Akambadilishia dawa. Kwenye sikukuu ya mavuno mama alikaa benchi la mbele kanisani, ibada nzima, bila kuutazama mlango hata mara moja. Sijawahi kushinda kitu kikubwa kuliko kile, shahada ikiwemo.

Sasa naishi Ipuli, mjini Tabora, na hofu zangu ni zile zile. Mama hujaza majibu mwenyewe kwenye simu yake: mara ngapi, damu ipo au haipo. Muuguzi huyasoma mjini siku hiyo hiyo, na punje zimebaki kuwa za kuku. Jana nilimpigia mama.

"Salama," akasema.

"Salama ipi?" nikauliza. Akacheka.

"Ya tumbo, mwanangu. Ya salamu nitakupa ukija."