Nilivyowaokoa Waingereza na Mto Wao

Aibu hii nimeificha wiki nzima. Ofisi yetu ya Qurum, mtaa wa Maskati, ilinipeleka Uingereza na mkubwa wangu, Bi Zuwena, nami nilikuwa nikisubiri anithibitishe kazini. Siku moja ya baridi wenyeji wetu walitutembeza kando ya mto. Mvua ikanyesha, maji yakageuka tope. Sisi wa Maskati tunazijua wadi, yale mabonde makavu yanayojaa ghafla: maji yakishuka milimani, hungoji hata kuvaa viatu! Nikapiga ukelele kwa Kiingereza changu cha kujifunza mwenyewe: "Mafuriko! Pandeni kilimani!" Nikamsukuma Bi Zuwena, wenyeji wakatufuata wakitambaa topeni. Kule juu nilijiona shujaa. Chini akapita bibi kizee na kijibwa chake, akatupungia mkono.

Bi Zuwena akajipangusa tope usoni.

"Mwanangu, hebu muulize bibi yule, mafuriko yake yeye yanakuja saa ngapi?"