Kata Tisa za Mtungi

Harufu ya udongo uliolowa hunirudisha Mkata, kwenye kona ya nyumba yetu ulikokaa mtungi wa bibi. Mwaka ule lambo tulikoteka maji lilikuwa limebaki tope, na maji ya mtungi yalikuwa ya kunywa tu, tena kwa kipimo. Asubuhi hiyo niliiba kata moja nikanywa. Hakuna aliyeniona, nilihakikisha mara mbili.

Mchana simu ikalia. Baba alikuwa hospitali huko Korogwe na Mwanaidi, mdogo wangu wa miaka mitatu, aliyeshikwa na degedege. Mama alibaki nyumbani kwa kuwa alikuwa na siku nne tu tangu ajifungue. Akasikiliza, hali ni mbaya, simu ikamponyoka. Akaanza kuhema kama aliyekimbizwa, vidole vikamkakamaa, macho yapo lakini hayatuoni.

"Maji ya mtungi!" bibi akaniambia. "Ya ndoo yameshinda juani, yanatakiwa ya baridi."

Nikamimina kata tatu kwenye beseni. Bibi akamwinamisha mama, akamzamisha uso, akamtoa.

"Pumua taratibu, mwanangu. Haya, tena."

Mama akatulia, akamkumbuka Mwanaidi, akaanza upya.

"Ongeza!"

"Mbili au tatu, bibi?"

"We Zuhura, uko gulioni? Leta!"

Kweli nilikuwa napatana bei, ila na Mungu. Nilimwambia: kata kumi, Mwanaidi arudi mzima. Niliona hakuna anayepunjwa. Sita, saba, nane. Ya tisa ilikwangua chini. Nikauinamisha mtungi, nikahesabu upya tangu mwanzo. Tisa. Ya kumi ilikuwa tumboni mwangu.

Simu ikalia tena. Mama akaipokea mwenyewe, maji yakimchuruzika kidevuni, akasikiliza hadi mwisho.

"Mlete nyumbani, baba Zuhura," akasema, sauti imenyooka. "Tumzike hapa."

Miaka mingi niliamini kiu yangu ndiyo iliyomuua mdogo wangu, na sikumwambia mtu. Siku bibi alipotutoka, nikiwa mtu mzima nimezamisha uso kwenye beseni langu mwenyewe ili pumzi inirudie, ndipo nikaelewa. Maji yale yalikuwa ya mama, ili simu ikilia awepo wa kuipokea. Tisa zilitosha. Najua. Ila kila nikizihesabu, ile ya kumi naisikia ikishuka kooni, baridi.