Nafasi Nyuma ya Viti

Kwenye ploti yetu Kawangware, upande unaoitwa Kongo, kulikuwa na Landrova iliyokaa juu ya mawe. Ilikuwa ile ndefu, ya milango minne ya pembeni na mmoja wa nyuma. Haikuwa na magurudumu, na injini ilitolewa zamani. Mwenye ploti, Mzee Gerishon, aliinunua kwa mnada, ikamshinda kutengeneza, akaiacha hapo karibu na mfereji wa maji. Aliyelala ndani yake alikuwa Fundi Wekulo.

Wekulo alikuwa mtu wa Bungoma, mrefu, na mabega ameyakunja kama mtu anayepita mlango mfupi. Mchana kutwa alichomelea vitanda na madirisha mbele ya hiyo gari. Jioni alinawa mferejini, akala peke yake akiwa amekalia debe, kisha akaingia kwa mlango wa nyuma. Viatu aliviacha chini ya bampa. Halafu tulimwona akipandisha vioo, kimoja kimoja, mpaka vyote vikafungika.

Watu wa kwao walimchokoza sana.

"Wekulo, ukijenga nyumbani utaweka na usukani?"

"Mwacheni. Yeye akioa tena, bibi atakaa mbele na dereva."

Alicheka nao kidogo, akashusha miwani yake ya kuchomelea, akaendelea na kazi.

Mama yangu, Sella, ndiye aliyetuambia kilichomtoa kwenye nyumba. Zamani Wekulo alikaa chumba cha safu yetu hii hii, na bibi yake Nafuna na msichana wao mdogo, Nasipwondi. Wakati huo hakuna aliyemwita Fundi. Aliitwa Baba Nasipwondi. Mtoto akashikwa na surua, akafa, wakampeleka nyumbani kuzika. Nafuna akabaki huko, akasema Nairobi harudi tena. Wekulo akarudi peke yake kwenye kile chumba. Kuta zetu ni mbao na makaratasi, jirani akifunua sufuria unajua amepika nini. Kwa hivyo alilala akisikia watoto wa wengine wakicheka, wakilia, wakiitwa kula. Alivumilia kidogo, akarudisha ufunguo, akahamia kwenye Landrova. Vioo vyake vilikuwa bado vinafunga vizuri. Ukivipandisha, ploti yote inanyamaza. Kimya hicho tu ndicho alichotaka duniani, mama alisema, aachwe nacho.

Mwaka wa sabini na saba mvua ilinyesha vibaya. Mzee Gerishon alikuwa na shamba la viazi Kinangop, na malori yalikuwa hayafiki. Siku moja akaja ploti na matope mpaka magotini, akasimama mbele ya Landrova akiizunguka kwa macho.

"Fundi, hii tunaikata nyuma. Nataka pikapu. Ipite penye trekta imekwama."

Wekulo alizima mashini yake. "Hii, mzee?"

"Hii. Injini Mutiso atanitafutia. Wewe kata bodi. Na usijali mambo ya kulala, utachukua chumba kile cha mwisho. Cha bure. Mtu mzima kama wewe kulala ndani ya gari kama kuku, hata mimi wananisema."

Chumba cha mwisho kimepakana na chetu. Kina mama waliokuwa wakifua walimpongeza. Mmoja akamwambia sasa atafute bibi, kitanda si anajitengenezea mwenyewe. Wekulo akasema asante mzee. Aliinama kuokota nyundo ambayo haikuwa imeanguka.

Mutiso alikuwa makanika wa Kibera, mfupi, mwenye maneno mengi. Alileta injini na magurudumu kwa mkokoteni, akaanza kazi yake huku mbele, na Wekulo akaanza yake huku nyuma. Bodi ya Landrova si chuma, ni aluminiamu, ukiipelekea moto inayeyuka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Kwa hivyo alikata kwa msumeno na kuunga kwa ribiti, vile vijisumari vya kugongwa pande mbili. Moto ulikuwa wa fremu ya chini tu.

Kwanza alipiga mstari wa chaki nyuma kabisa ya viti vya mbele, kama alivyoambiwa. Akautazama. Akaenda kunywa maji, akarudi, akaufuta kwa kiganja, akapiga mwingine, mkono mzima kwenda nyuma.

Mutiso alitoa kichwa kwenye injini. "Mbona umehamisha?"

"Naangalia tu."

"Mzee alisema ukate nyuma ya viti, apate nafasi ya magunia."

"Hapo nguzo imeoza."

Mutiso akaja na spana, akaigonga hiyo nguzo. Ililia vizuri, kama kengele. Akatazama ile nafasi kati ya viti na mstari mpya. Akatazama godoro lililokunjwa kando ya mawe. Akajikuna sikio.

"Imeoza kweli," alisema. "Imeoza vibaya sana."

Wekulo akakata.

Gerishon alipofika, ukuta wa nyuma wa kebini ulikuwa umeshapigwa ribiti, na dirisha dogo katikati. Akachungulia ndani. "Hii nafasi nyuma ya viti ni ya nini?"

Mutiso ndiye aliyejibu, akifuta mikono kwa kitambaa. "Mzee, kwenye matope mzigo ukikaa nyuma sana, mbele inainuka. Unakata kona, gari haikati. Unaenda kulala mtaroni na viazi vyako. Afadhali sanduku la mzigo liwe fupi."

"Kwa hivyo viazi vitabaki Kinangop, hewa ndiyo ipande gari."

"Hewa kidogo tu, mzee."

Gerishon alinuna, lakini gari ilikuwa imeshakatwa.

Wekulo aliweka ubao kwenye ile nafasi, akapunguza godoro likatosha. Ilibidi akunje magoti. Kichwa upande wa dereva, miguu upande ule mwingine, vioo juu. Chumba cha mwisho kilibaki na kufuli. Zile siku alifanya kazi kama mtu aliyepewa nguvu mpya. Aliongeza springi za lori ili gari isimame juu. Aliweka ndoano ya kuvutia mbele. Ekzosi, bomba la moshi, aliipandisha mpaka juu ya kebini isiguse maji. Kila kitu cha kuifikisha gari mbali alikitengeneza kwa mkono wake, na sidhani hata mara moja aliwaza kwamba itaondoka.

Siku gari ilipowaka, ploti yote ilitoka nje. Moshi ulijaa mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Watoto walipiga makofi. Gerishon aliingia upande wa usukani, na taniboi wake wa kupakia mizigo, kijana aliyeitwa Nyamai, akaingia upande wa pili.

"Fundi," Gerishon aliita, "toa blanketi yako huku."

Wekulo alifungua mlango, akatoa blanketi na mto. "Itarudi lini, mzee?"

"Ikijaa. Lakini si hapa, ni sokoni moja kwa moja. Huku ije kufanya nini?"

Ikapita mtaro wa mbele kama hakuna mtaro. Watu walishangilia. Wekulo alibaki na blanketi mkononi, anatazama yale mawe.

Nilimwona Nyamai tena viazi vilipoanza kuisha. Alikuja kuchomelewa jembe, akamkuta Wekulo kazini.

"Fundi, ni wewe ulitengeneza pale nyuma ya viti? Mungu akubariki. Hapo ndipo nalala. Mzee analala kwa shamba, mimi na gari."

"Unatosha?"

"Nakunja magoti."

"Na vioo unafunga?"

"Nafunga. Unajua ukifunga husikii hata mvua?"

"Najua," Wekulo alisema, akaomba hilo jembe.

Jioni ya siku gari ilipoondoka, alipofungua kile chumba cha mwisho, mama alimpelekea chai. "Fundi, watoto wangu wana kelele. Wakikusumbua, gonga ukuta, nitawanyamazisha."

"Sawa, mama."

Hajawahi kugonga. Ndugu zangu hupiga kelele mpaka wakumbuke, kisha hukaa wakisubiri agonge, na hakuna kitu. Tunajua yuko kwa sababu taa yake hupenya kwenye mbao.

Jioni moja mama alikuwa anachambua mchele, na mdogo wetu Kavetsa, aliyekuwa ameshalala, akasema, "Nataka maji." Mama hakusikia. Upande wa pili wa ukuta, kwa Fundi, kitanda kililia, na miguu ikateremka sakafuni. Tukasikia kikombe kikichota kwenye ndoo. Halafu kimya. Alikuwa amesimama tu na kikombe chake.

Mama akainuka, akampa Kavetsa maji. Baadaye kidogo tukasikia maji yakirudishwa kwenye ndoo, polepole, na kitanda kikalia tena.