Siku Bwana Hayashi Aliponikatiza

Harufu ya wino wa kalamu ya ubaoni hunirudisha nyumbani kwetu Bawshar, Muscat, haraka kuliko picha yoyote. Juzi nilifungua kalamu kama hiyo mbele ya wanafunzi niliokuwa nimealikwa kuwasomea hadithi, na kabla sijaandika neno nikawa tena na miaka tisa, nimekaa majlisi, chumba chetu cha wageni, udi wa bibi ukishindana na ule wino mkali, kiyoyozi kikinguruma kama mzee aliyeshiba.

Majlisi za watu wengine zilikuwa za wageni wa Ijumaa. Yetu, alasiri, ilikuwa darasa. Mama alifundisha Kiingereza cha kazini kwa watu wa makampuni ya kigeni: namna ya kufungua mkutano, kupinga hoja bila kugombana, kujibu swali ambalo hukulitarajia. Ubao mweupe ulitundikwa mahali palipokuwa na saa kubwa ya ukutani, na bibi, aliyemzaa mama, hakuwahi kuusamehe. "Nna nyumba au nna skuli mie?" aliuliza kila mara, huku mkono wake ukiwakatia wanafunzi halua.

Katika wote waliopita pale, ninayemkumbuka zaidi ni Bwana Hayashi, mhandisi wa Kijapani aliyekuwa akijenga mtambo wa kugeuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Alivua viatu mlangoni akavipanga, vyake na vyetu, ncha zikitazama nje. Ripoti alizoandika kwa Kiingereza mama alizisoma kwa kustaajabu, hazikuwa na hata koma iliyopotea. Shida ilikuwa mkutanoni. Aliwangoja wenzake wamalize, akaitunga sentensi yake kichwani mpaka ikatimia, na ilipokuwa tayari, mazungumzo yalikuwa yameshahama.

Siku ya kwanza alimweleza mama bila kuficha. Karibuni kungekuwa na mkutano na wabia wa Kiomani, na yeye ndiye aliyetakiwa kuwaambia kwamba mtambo hautakuwa tayari kwa tarehe waliyoitaka. Asipoweza kulisema kwa mdomo wake, kampuni ingemleta mwingine mwenye ulimi mwepesi, naye angerudi Japani akiuacha mtambo wake nusu.

Mama alianza naye kwa mazungumzo ya kitabuni. Aliyahifadhi yote, kila pumziko mahali pake, na kila wiki alirudi na habari ileile: mkutano wa wiki umekwisha, yeye hajasema kitu.

Kisha ikaja siku ya kahawa. Kwetu mgeni akitosheka hukitikisa kikombe. Asipokitikisa, humiminiwa tena. Bwana Hayashi hakuijua desturi hiyo. Bibi alimimina, akanywa. Akamimina, akanywa. Jasho likamtoka, goti likaanza kumchezacheza. "Huyu ana kiu ya ngamia," bibi alininong'oneza, akakiinua kidele cha kahawa kwa mara nyingine. Hapo mama akamwuliza mgeni kama bado anataka. Akajibu taratibu kwamba alitosheka tangu kikombe cha pili, ila mwenye nyumba alikuwa akimimina kwa moyo mwema mno, naye hakuona pa kulitia neno lake.

Tulicheka, na yeye akacheka. Ghafla mama akaacha kucheka. Aliugeukia ubao uliojaa vitenzi, akaufuta wote.

"Bwana Hayashi, nimekupotezea alasiri zako. Kiingereza unacho. Kuanzia leo tutajifunza kukatiza."

Mimi nikapewa cheo. Nilivishwa kofia ya baba, nikawekwa kwenye kiti kikubwa, nikawa mwenyekiti wa wabia. Kazi yangu ilikuwa kumbana mgeni, nisimpe nafasi, na kubana watu nilikuwa nimezaliwa nako. Mwanzoni nilipomtaka anihakikishie tarehe, alijibu kwamba ingekuwa vigumu kidogo, akainamisha kichwa kwa adabu. Nikajiegemeza, nimeridhika.

"Mwenyekiti, umesikia nini?" mama aliniuliza.

"Nimesikia tutapata maji."

Bwana Hayashi alifumba macho kama mtu aliyeumwa na jino. Mama akamfundisha upya: nyanyua mkono, mwite mtu kwa cheo chake, tanguliza hapana, sababu ifuate. Mkono wake siku za mwanzo ulikuwa mzito kama wa mtu aliyebeba ndoo.

Siku ya mwisho nilikuwa nimekolea. Nikamwambia mlituahidi, watu wana kiu, na nyinyi si ndio mnaosifiwa kwa kutunza wakati. Mkono ukanyanyuka.

"Mwenyekiti, nisubiri. Hapana. Tarehe hiyo hatuwezi. Nitakueleza kwa nini."

Sauti ilikuwa tulivu, lakini hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hapana namna ile, bila kunikemea wala kunibembeleza. Machozi yakanitoka. Bwana Hayashi akabadilika rangi, akaanza kuinama.

"Usiombe radhi," mama alisema. "Maliza."

Akamaliza. Alisogea karibu, akaketi kwenye mto chini ya kiti changu, akanieleza kwamba bomba linalovuta maji baharini halina budi kujaribiwa polepole, kwani likiharakishwa litapasuka, na watu watakaa na kiu muda mrefu zaidi. Alieleza mpaka macho yangu yakakauka, nami nikasema, kwa heshima ya cheo changu, "Basi sawa."

Wiki iliyofuata alikuja kutupa habari. Walimkatiza, akawakatiza. Mkubwa wa wabia akamwuliza swali langu lilelile la kutunza wakati, na Bwana Hayashi nusura atabasamu. Walibishana, tarehe ikasogezwa, na mtambo ukabaki mikononi mwake. "N'lijua mie," bibi alisema. "Mtu anayepanga viatu vya watu hashindwi na mkutano."

Mwaka jana nilimwuliza mama alijuaje dawa ya mtu yule. Akaniambia kwamba yeye mwenyewe alipoletwa Muscat kutoka Zanzibar alikuwa na miaka kumi na mmoja, hana Kiarabu ila cha sala. Darasani mwalimu aliuliza, naye alipokuwa bado anayapanga maneno yake, swali lilikuwa limeshahamia kwa mwingine. Mwaka mzima walimdhania mjinga. "Jibu nilikuwa nalo," alisema. "Kila siku nilikuwa nalo."

Kumbe utotoni niliona nusu tu. Nilimwona mwalimu hodari akimfungua mgeni ulimi. Sikumwona yule msichana wa Unguja, kimya nyuma ya darasa, akimtazama Mjapani mtu mzima akinyanyua mkono.